Vitabu Vitatu vya Bwana Maabara

Kwa miaka kumi na mmoja sikumwona mtu yule ameketi. Tulifanya kazi ukuta mmoja, yeye maabara, mimi dirisha la kadi, na naweza kuapa. Alikula amesimama, alisoma amesimama, na kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, tayari kutoka kabla matangazo hayajaisha. Kiti cha maabara kilikuwa cha kuwekea vitabu. Mgonjwa akimwambia, "Daktari, kaa basi tuongee," alijibu, "Mimi si daktari, na nikikaa nasahau." Kisha anaanza tena, hatua sita hadi dirishani, hatua sita hadi mlangoni, viatu vikilia kwenye sementi, nami upande wa pili naandika majina ya watu huku nahesabu hatua zake bila kupenda.

Tulimwita Bwana Maabara. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini hata mkewe, akimletea ugali wa mchana, aliniuliza dirishani, "Bwana Maabara yupo?" Nami nitamwacha na jina hilo. Hospitali yetu ilikuwa ndogo, ya misheni, upande wa Masumbwe, na wagonjwa walitoka kwenye mashamba ya pamba na kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu, wengine kwa baiskeli, wengine wamelazwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe.

Nisizunguke. Mtu huyu aliandika kwa mkono wake kwamba mama yangu hana ugonjwa wa sukari. Miaka mitatu baadaye mama yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huohuo. Watu walimlaumu yeye, na mimi nilikuwa na neno moja la kumwondolea lawama hiyo, nikalimeza. Nilikaa nalo miaka, likinikera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Lakini nianze na yeye mwenyewe, maana asiyemjua hataelewa kwa nini nilinyamaza.

Vitabu vyake vilikuwa vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha Waingereza, kimeachwa na daktari aliyerudi kwao baada ya uhuru, mchwa wamekula jalada. Cha pili kilikuwa cha Wamarekani, kililetwa na kijana mmoja wa kujitolea aliyekaa mwaka mmoja akaugua malaria akaondoka. Cha tatu kilikuwa cha Kijerumani, cha Sista mkuu wa hospitali, naye Sista alimtafsiria kwa mdomo baada ya kazi, yeye akiandika Kiswahili pembeni kwa herufi ndogo kama siafu. Alijifunza kazi Shinyanga mjini miaka ya mwanzo ya sitini, na huko alifundishwa mstari mmoja tu: damu ikipita hapa mtu ana sukari, isipopita hana. Aliuamini mstari ule kama fundi anavyoamini futi yake. Kisha Sista akamfungulia kitabu cha Kijerumani, na mstari ukawa mahali pengine. Akafungua cha Wamarekani, ukawa mahali pengine tena.

Hata kinywaji cha kupimia hawakukubaliana. Ili kumpima mtu vizuri, unampa asubuhi, hajala kitu, maji yaliyochanganywa na glukosi, unamsubirisha masaa mawili, unamchoma kidole uone damu imefanya nini na ule utamu. Waingereza wanampa gramu hamsini. Wamarekani wanampa mia. Mtu huyuhuyu, damu hiihii, akawa mzima katika kitabu kimoja na mgonjwa katika kingine, na cha tatu kikasema arudi wiki ijayo. Wapimaji wengine wangechagua kitabu kimoja wakalala usingizi. Bwana Maabara hakuweza.

"Ugonjwa ni mmoja," alikuwa akisema, hatua sita kwenda, hatua sita kurudi. "Sasa huu mpaka wanauchora wapi? Niambie, Mama Deo, wanauchora wapi?"

"Mimi naandika kadi tu," nilimjibu. "Usiniulize ya Wazungu."

Kuna siku alikuja mnunuzi mmoja wa dhahabu kutoka maduara ya Nyarugusu, mwenye jino la dhahabu na redio ya mkanda begani. Alikuwa amevuka kwenda Burundi kwa shughuli zake, shughuli ambazo hakuna aliyeziuliza, akaanguka kwa kizunguzungu kule, na daktari wa kule, aliyesomea Ubelgiji, akamwambia ana sukari. Bwana Maabara akampima kutwa nzima.

"Kwa hiyo Bujumbura mimi mgonjwa, hapa mzima?" mnunuzi akauliza.

"Kwa kitabu hiki, ndiyo."

"Na hicho kingine?"

"Kwa hiki wewe ni mgonjwa hata ukiwa hapa."

Mnunuzi alicheka mpaka redio ikamtoka begani. "Basi mzee, mimi nabaki na hicho cha kwanza. Nimevusha vitu vingi pale mpakani, ugonjwa nitauacha kulekule."

Foleni yote ilicheka, na mimi nilicheka. Bwana Maabara hakucheka. Alimsindikiza hadi getini akimsihi apunguze pombe, na Jumamosi akapanda baiskeli akamfuata hadi machimboni, akalala njiani, akarudi Jumatatu ana tope hadi magotini. Nilimuuliza kama amempata. "Amehama duara," akasema, akaingia ndani kuanza kutembea.

Swali lake kubwa lilikuwa hili: hao waliochora mistari walimchoma nani kidole? Aliandika barua kwa wenye vitabu, kwa Kiingereza chake cha kunyooka, akiuliza kama kuna mtu yeyote wa Usukuma au Usumbwa aliyewahi kupimwa kabla mstari haujachorwa. Alinisomea barua ile dirishani watu wakisubiri. Jibu moja tu lilikuja, la heshima, kwamba waliopimwa walikuwa watu wa mji wao. Alilikunja akaliweka ndani ya kitabu cha Waingereza. "Umeona?" akaniambia. "Tunapimwa kwa kanzu ya mtu mwingine."

Ndipo alipoanzisha daftari lake la watu wazima wa afya. Alitaka damu ya watu wasio na ugonjwa, waliokaa bila kula tangu jana, apate mstari wa kwetu. Sasa utampata wapi mkulima aliyekaa na njaa kwa hiari? Aliwapata kanisani. Padre alikuwa ameshatangaza kwamba kufunga saa moja kabla ya komunyo kunatosha, lakini wazee wetu hawakutaka kusikia, walifunga tangu jioni kama walivyofundishwa ubatizoni. Bwana Maabara akasimama mlangoni pa kanisa Jumapili alfajiri na sindano na pamba, akiwachoma vidole kabla hawajachovya maji ya baraka. Kwaya nzima iliimba siku ile imeshika vidole gumba. Padre alimwita ofisini akamwambia nyumba ya Mungu si maabara. Jumapili iliyofuata alihamia nje ya uzio, chini ya nguzo ya kengele, akaendelea.

Na ubishi wake wa vipimo haukuishia kwenye damu. Mnadani alimtaka mwuza nyama asafishe mizani kwanza. Msimu wa pamba wakulima walimwomba aende kusimama karibu na mizani, asiseme kitu, asimame tu, na karani wa mizani akimwona alikuwa anakohoa. Mtu huyohuyo saa yake ya mkononi ilikuwa mbele dakika ishirini na hakuirekebisha kamwe. Chumvi alitia kwa ngumi. Alikuwa akitafuna muwa kutoka nyumbani hadi kazini, na akifika anawahubiria wagonjwa habari ya utamu huku ana maganda mfukoni. Nilimtania sana kwa hilo. Alisema muwa hauna kitabu.

Miaka ya baada ya vita vya Uganda sukari ilipotea madukani. Ulikuwa unaandikiwa barua na balozi wa nyumba kumi, unapanga foleni, unafika mbele unaambiwa imekwisha. Watoto walikunywa uji wa chumvi. Na katika maabara yetu, ndani ya kabati lenye kufuli, kulikuwa na bati la glukosi lililokuja na masanduku ya Sista kutoka kwao. Hospitali nzima ililijua bati lile. Askofu alipokuja kutoa kipaimara, Padre mwenyewe alivuka uwanja kuomba vijiko viwili tu vya chai ya mgeni.

"Hii si sukari, Padre," Bwana Maabara akamwambia. "Hili ni swali. Nikimpa Askofu swali, nani atanipa jibu?"

Askofu alikunywa chai kavu. Nilimwona Padre akirudi na kijiko mkononi, nikajificha nyuma ya rafu ya kadi nicheke.

Kinywaji kile alikitoa kwa kikombe kimoja cha bati, cheupe, chenye mdomo wa buluu. Na alikuwa na desturi moja iliyowaudhi watu. Mgonjwa akimaliza kunywa, Bwana Maabara alisimama mbele yake akamwambia, "Geuza." Mtu anageuza kikombe juu ya kiganja chake, wazi, watu wote wanaona, na kikidondosha tone alilambe. Mzee mmoja mfugaji alikasirika kweli. "Unanipekua kama mtoto aliyeiba maziwa?" akasema. Bwana Maabara alimwomba radhi, akamshika mkono, na bado akamgeuzisha. Watoto wa pale walifanya mchezo, wakawa wanageuziana vikopo na kuambiana "Geuza!" Desturi hiyo ilianza lini sikumbuki. Niliona ni ukaidi wake mwingine, nikauweka pamoja na ule wa mizani.

Jambo jingine ni penseli. Matokeo yote mengine aliandika kwa wino, lakini sukari ya damu aliandika kwa penseli, akaondoka akalala nayo. Asubuhi anafungua tena vitabu vyote vitatu, anatembea, halafu ndipo anapitisha wino juu ya penseli. "Nikishaweka wino," alisema, "mtu amekwisha kuwa mgonjwa." Nilikuwa na kadi nyingi za penseli zikinisubiri, na nilimgombeza kwa kunichelewesha.

Kadi moja tu aliandika wino siku ileile. Ilikuwa ya mama.

Mama alikuja kukaa kwangu akitoka upande wa Songwa, baba alipofariki. Alikuwa mtu wa nyumba yenye adabu za zamani, anakusalimu mpaka akuulize ng'ombe. Akaanza kukonda. Akawa anamaliza maji ya mtungi kabla ya mchana. Nikampeleka maabara siku ya kazi, na mwanangu Deo, wa miaka minne wakati huo, akaja naye kwa sababu jirani aliyekuwa akinitunzia alikuwa amekwenda kuchuma pamba.

Bwana Maabara alimwamkia kwa heshima, akauchemsha mkojo na ile dawa yake ya buluu. Ukibaki buluu uko salama, ukifika wekundu wa tofali huna la kusema. Wa mama ukawa kijani hafifu. Damu ya asubuhi ikaangukia palepale alipopaogopa: kitabu cha Sista kilimwona mgonjwa, cha Waingereza kilimwona mzima, cha Wamarekani kikasema anyweshwe. Akafungua kabati. Alipima gramu mia, ya Wamarekani, kubwa kuliko zote, asije akasemwa kamhurumia mama wa mfanyakazi mwenzake.

"Mama, unywe yote. Halafu ukae hapo kwenye benchi mpaka nikuite. Usitembee."

"Wabeja, baba," mama akashukuru, akakipokea kikombe kwa mikono miwili.

Mimi nilirudi dirishani, foleni ilikuwa ndefu. Nilichokiona ni mgongo wa mama na miguu ya Deo ikining'inia. Masaa mawili yakapita. Kisha mlango wangu ukafunguka kwa kishindo, kadi zikaanguka, na Bwana Maabara akaingia anacheka. Nilikuwa sijawahi kuona meno yake yote.

"Mama Deo! Vyote vitatu! Vyote vitatu vimekubaliana!"

Akanipokonya kalamu yangu mkononi, kalamu ya wino, akaandika juu ya kadi ya mama kwa herufi kubwa: HANA SUKARI. Nilifurahi mpaka nikasahau kumcheka kwamba hajalala nayo. Nilitembea na mama nyumbani tukiimba. Kiu yake ilipoendelea tulisema ni joto la Masumbwe, kwao Songwa hakuna joto namna hii. Yaani tulisema hivyo, watu wenye akili zetu. Karatasi ilikuwa imesema.

Mwaka wa tatu katambuga zake za tairi zikamchubua kidole cha mguu. Hakusikia maumivu, kwa hiyo hakusema. Tulikuja kujua kwa harufu. Katika hospitali kubwa tulikompeleka, mkojo wake ulichemshwa mbele yangu, na rangi ya tofali ikaja haraka. Wakasema mguu hauwezi kubaki.

Asubuhi ya kukatwa mama alinishika mkono. Hakuwa analia. Alikuwa kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo.

"Yale maji matamu ya kule kwenu," akasema. "Yalikuwa ni ya kupimia?"

"Ndiyo mama."

"Mimi nilidhani wamenikaribisha. Nilidhani wamenipa kwa sababu ni mama yako. Nilikunywa mafunda mawili, mwanangu. Deo alikuwa ananitazama. Mtoto hajaonja sukari tangu mavuno, halafu mimi mtu mzima nikaushe chombo mbele yake? Nikambakizia."

Gramu hamsini, gramu mia, Waingereza, Wamarekani. Wakubwa wote wale wamebishana mistari yao, na mama amekunywa mafunda mawili, kwa adabu. Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga ukuta. Deo alikuwa nje, amefikisha miaka saba, anaandika alfabeti kwa kijiti mchangani. Nikamwangalia kupitia dirisha, nikaapa kwamba hatajua hata siku moja kwamba mguu wa bibi yake ulikuwa ndani ya kikombe alichokunywa yeye. Mama akaniona ninachokitazama, akaelewa. Hatukulizungumza tena.

Kwa hiyo lawama ikamwangukia aliyeandika. Kisimani walisema Bwana Maabara amesoma kitabu kibaya. Wengine waliacha kwenda kupimwa kwake, wakampa majina. Alikuja nyumbani mama alipotoka hospitali. Nilimvutia kiti, akasimama karibu nacho.

"Nisamehe, mama," akasema. "Nilikosea mstari."

Mama alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Yeye alikuwa akitutazama kwa zamu, mama, kisha mimi, kisha mama. "Yamekwisha, baba," mama akasema mwishowe. Nilijichukia siku ile na nilimtengenezea chai ambayo hakuinywa.

Mwaka uliofuata ukafika waraka. Ulikuwa umepita mikono mingi na ulikuwa na chapa ya chai katikati. Wakubwa wa nchi mbalimbali walikuwa wamekaa pamoja wakakubaliana: mstari mmoja, gramu sabini na tano kwa kila mtu, kila mahali. Sista alidhani Bwana Maabara atafurahi. Alisoma mara tatu akitembea. "Kumbe na wao walikuwa hawana hakika," akasema. Halafu akaomba kadi zote za zamani za sukari, akazihesabu upya moja baada ya nyingine kwa mstari mpya, wiki nyingi, akinirudishia mafungu kupitia dirisha.

Ya mama aliirudisha peke yake. Hakuisukuma kama zile nyingine, aliishikilia upande wake nami nimeshika upande wangu.

"Hata kwa mstari huu mpya," akasema, "siku ile mama yako alikuwa mzima. Sijui nielezeje, Mama Deo. Wewe una maelezo?"

Lilikuwa mdomoni. Nikiri hivyo. Mgonjwa wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwalimu wa Deo wa darasa la pili, anasikia kila kitu. Nikasema, "Mimi naandika kadi tu." Akaiachia. Nilisikia viatu vyake ukutani mpaka saa za kutoka.

Alistaafu akahamia Shinyanga kwa watu wa mkewe. Mama aliishi na mguu mmoja miaka michache, Deo ndiye aliyekuwa akimbebea kigoda chake kutoka kivulini hadi kivulini, kisha tukamzika. Deo alipochaguliwa kwenda sekondari nilimsindikiza hadi Shinyanga kupanda treni. Treni ilikuwa imechelewa, jambo la kawaida. Nikamwacha stesheni amekalia sanduku lake la bati, nikamwambia naenda kuamkia mtu mara moja. Neno lilikuwa limenichosha. Mtu wa kumficha alikuwa anaondoka, na mtu wa kuambiwa alikuwa anazeeka.

Nilimkuta ameketi.

Nilisimama mlangoni nikashindwa kuingia. Ameketi kwenye kiti cha mbao uani, mguu mmoja umefungwa kitambaa umewekwa juu ya kigoda, mikono juu ya magoti. Mikono ndiyo iliyokuwa ikitembea sasa, vidole vikipiga hatua sita huku, hatua sita kule.

"Shikamoo, Bwana Maabara."

"Marahaba, Mama Deo. Karibu. Unashangaa kiti?" Akaonyesha mguu. "Vitabu vyote vitatu na waraka. Hapa hakuna ubishi."

Mkewe akaleta chai ya rangi, haina kitu, kwenye vikombe vya bati. Tukaulizana habari za Masumbwe, nani amekufa, nani ameoa. Sikuweza kuendelea hivyo.

"Mama hakuyanywa yale maji," nikasema. "Alikunywa mafunda mawili, mengine akampa Deo. Aliniambia kabla ya kukatwa. Nimekuacha ukalaumiwa miaka yote hii."

Hakushtuka. Aliangalia mguu wake. "Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ileile. Nilipokuja kuchukua kikombe, mtoto alikuwa amekivaa usoni, analamba chini. Nikajiambia kabakiziwa tone, watoto ndivyo walivyo. Halafu damu ikasoma vizuri. Ikasoma vizuri kwa vyote vitatu." Vidole vikatembea. "Wewe uliona nilivyohangaika na vile vitabu. Havikuwahi kukubaliana hata siku moja. Nilitaka iwe kweli. Kesho yake nikaanza kuwageuzisha watu vikombe. Wote. Isipokuwa yeye, ambaye ndiye niliyepaswa kumwita arudi."

Nilitaka kumwagia ile chai. "Kwa nini hukumwita?"

"Nilikuwa nimeshaandika wino."

"Na ulipokuja kwangu kuomba msamaha wa mstari? Ulikuwa unatudanganya?"

"Nilikuwa nasubiri mmoja wenu anikatalie. Aseme, hapana, ni kikombe. Hapo na mimi ningesema nilikiona. Mkanyamaza wote wawili, na wewe ukatazama sakafu. Nikaelewa mnamficha mtoto. Nikasema basi, na mimi nitajificha hapohapo."

Watu wazima watatu, nyuma ya mtoto mmoja wa miaka minne. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na ndani ya aibu ile nilihisi kama mtu aliyetua mzigo kichwani akagundua kuna mwenzake aliyekuwa ameubeba upande wa pili. Nililia kidogo. Yeye alinisubiri, jambo ambalo zamani asingeliweza.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Stesheni. Anakwenda kidato cha kwanza."

"Atauliza siku moja. Mwambie yote, na mimi unitaje, sema nilikiona kikombe." Akainua kidole kile cha kuonyeshea mistari. "Lakini mtoto akipewa hunywa. Hakuna kitabu cha nchi yoyote kinachosema vingine."

Honi ya treni ikasikika upande wa Tabora. Nikainuka, nikachukua kikombe changu, nikakunywa ile chai chungu yote, hadi chini, nimemkazia macho. Kisha nikakigeuza juu ya kiganja changu mbele yake.

Bwana Maabara aliinama kwenye kiti chake, akaangalia kwa makini.

"Limebaki tone, Mama Deo," akasema.

Nikalilamba.